Mkono wa Siri Katika Paa la Dunia

Mwishoni mwa Oktoba 1961, wapanda farasi wa Kitibeti wapatao 40 walitoka Mustang, kaskazini mwa Nepal, wakavuka mpaka wa Tibet na kujibanza kando ya barabara kuu inayounganisha Lhasa na Xinjiang. Kiongozi wao aliitwa Ragra. Gari la jeshi la China lilipofika, waliokuwamo wakamiminiwa risasi. Wapiganaji wakazoa silaha, na pamoja nazo wakachukua mkoba wa ngozi uliolowa damu, mali ya ofisa wa ngazi ya juu aliyeuawa pale. Mkoba ule ulivushwa milima, ukapitia India, ukaishia mezani kwa wachambuzi wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA.

Ndani yake mlikuwa na kurasa zipatazo 1,600, yakiwamo matoleo 29 ya Gongzuo Tongxun, jarida la siri walilosoma makamanda wa Jeshi la Ukombozi wa Umma la China peke yao. Kwa mara ya kwanza Washington ikapata, kwa maneno ya wakuu wa jeshi hilo wenyewe, habari za njaa iliyoikumba China baada ya sera ya Hatua Kubwa Mbele, za askari waliovunjika moyo kwa kusikia jamaa zao wanateketea vijijini, na za uhasama uliokuwa ukikua kati ya Beijing na Moscow. Mwaka 1963 nyaraka hizo zilifunguliwa kwa wanazuoni. Hazikutajwa zilikotoka.

Watu walioupata mkoba ule walikuwa ndiyo kwanza wametoka kwenye majira ya baridi ambayo baadhi yao walichemsha ngozi za viatu ili wapate cha kutia tumboni. Mfadhili wao, CIA, alijipatia moja ya hazina kubwa za ujasusi za miaka ile, nao wakabaki na njaa, baridi na bunduki zisizowatosha. Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Ilitokana na jinsi msaada wenyewe ulivyobuniwa: uwe wa siri, uwe mdogo, na upimwe kwa faida ya anayeutoa. Kwa karibu miaka 20, kuanzia 1956 hadi 1974, Watibeti walipigana na jeshi kubwa kuliko yote barani Asia. Vita vilikuwa vyao tangu siku ya kwanza. Lakini kasi yake, mahali pake na hata siku ya kuvimaliza, mengi ya hayo yaliamuliwa na wengine.

Moto ulianzia mashariki

Jeshi la China lilivuka mto Drichu, ambao Wachina huuita Jinsha, Oktoba 1950. Jeshi la Tibet lilikuwa na askari elfu chache, silaha chache na makamanda waliopata vyeo kwa ukoo. Mji wa Chamdo ulianguka katika muda wa majuma mawili na gavana wake, Ngabo Ngawang Jigme, akatekwa. Mwezi uliofuata Dalai Lama, kijana wa miaka 15, alikabidhiwa madaraka yote ya nchi. Lhasa ikaomba msaada Umoja wa Mataifa. El Salvador ilijitokeza kuwasilisha suala hilo, ila Uingereza na India, nchi mbili zilizoijua Tibet kuliko nyingine zote, zikashauri lisogezwe mbele, nalo likasahaulika. Mei 1951 wajumbe wa Tibet walitia saini mjini Beijing Mkataba wa Vipengele 17, uliotambua mamlaka ya China na kuahidi kwamba utawala wa ndani, dini na cheo cha Dalai Lama havingeguswa.

Ahadi hiyo ilihusu Tibet ya kati tu. Wakazi wa Kham na Amdo, maeneo ya mashariki yenye Watibeti wengi, walihesabiwa kuwa wakazi wa mikoa ya Sichuan, Qinghai, Gansu na Yunnan. Huko ndiko Chama cha Kikomunisti kilikoanzisha yale kilichoyaita mageuzi ya kidemokrasia, mwaka 1955 na 1956. Ardhi ikagawanywa upya, mali za nyumba za watawa zikatwaliwa, matajiri na malama wakaburutwa kwenye mikutano ya hadhara kutukanwa na kupigwa. Kisha ikaja amri ya kusalimisha silaha. Kwa Mkhampa, mfanyabiashara na mfugaji aliyesafiri na misafara yake katika njia zenye majambazi, bunduki na farasi vilikuwa sehemu ya uanaume wake. Amri ile iliwagusa hata wale ambao hawakuwa na shamba la kupoteza.

Maasi yalizuka katika wilaya moja baada ya nyingine. Huko Nyarong aliyewaongoza wapiganaji mwaka 1956 alikuwa mwanamke, Dorje Yudon wa ukoo wa Gyari, mume wake akiwa mbali. Huko Lithang maelfu ya watu, watawa na raia, walijifungia ndani ya nyumba kubwa ya watawa wakazingirwa kwa majuma. Mwisho wa mzingiro ule zilikuja ndege za Tu-4, ndege nzito za mabomu zilizoigwa na Wasovieti kutoka B-29 ya Wamarekani, zikaishambulia nyumba ile kwa mabomu. Bathang na Chatreng nazo zilipigwa kutoka angani. Wengi katika bonde lile walikuwa hawajawahi kuona ndege.

Ni muhimu kuweka tarehe hizi sawasawa. Maelezo rasmi ya Beijing yamesisitiza kwa miaka mingi kuwa uasi wa Tibet ulichochewa na mabeberu wakishirikiana na makabaila waliotaka kulinda mashamba yao. Ni kweli kwamba Tibet ya zamani ilikuwa na ukabaila: familia za makabaila na nyumba za watawa zilimiliki ardhi kubwa, na wakulima wengi walifungwa kisheria kwenye mashamba ya mabwana zao. Hakuna haja ya kuipamba. Lakini mabomu ya Lithang yaliangushwa mwaka 1956, na bunduki ya kwanza ya CIA iliwafikia Watibeti Julai 1958. Katika miaka hiyo miwili watu wa Kham walikuwa wameshapigana, wameshauawa na wameshaanza kukimbilia magharibi kwa maelfu, wakipiga mahema yao kuzunguka Lhasa na kuieleza serikali yao mambo ambayo haikupenda kuyasikia.

Mfanyabiashara na kiti cha dhahabu

Mtu aliyeyaunganisha makundi hayo alikuwa Andrug Gompo Tashi, tajiri wa Lithang mwenye umri wa makamo. Mwaka 1957 alizunguka nchi akichangisha dhahabu na vito kwa ajili ya kumtengenezea Dalai Lama kiti cha enzi. Kazi hiyo ya ibada ilikuwa ya kweli, na kiti kilitolewa. Hapohapo ilimpa sababu ya kukutana na machifu na wafanyabiashara wa kila ukoo bila kushukiwa. Tarehe 16 Juni 1958, huko Lhoka kusini mwa Lhasa, jeshi la kujitolea la Chushi Gangdruk, yaani Mito Minne, Milima Sita, jina la kale la Kham, lilipandisha bendera yake ya manjano yenye panga mbili.

Lilikuwa jeshi la wapanda farasi lisilo na ghala. Mapema kabisa Gompo Tashi alilazimika kwenda kuchukua silaha kwenye nyumba ya watawa ya Shang Ganden Chokhor, ambako serikali ya Tibet yenyewe ilizihifadhi. Lhasa ilikuwa imebanwa pande zote: Wachina waliitaka iwakomeshe waasi, na baadhi ya maofisa wake waliwaunga mkono waasi kimyakimya. Wapiganaji nao hawakuwa malaika. Vikundi vingine viliwapora wakulima wa Tibet ya kati, na wapo majambazi waliojificha nyuma ya jina la Chushi Gangdruk. Gompo Tashi alitunga kanuni za nidhamu kwa sababu alijua madhara ya jambo hilo.

Kwa nini siri?

Daraja kati ya wapiganaji na Washington walikuwa kaka wawili wa Dalai Lama: Thubten Jigme Norbu, lama aliyehamia Marekani, na Gyalo Thondup, aliyeishi Darjeeling nchini India. Marekani ilikuwa na sababu yake. Vita vya Korea vilikuwa vimeisha mwaka 1953 bila mshindi, na chochote kilichoisumbua China ndani ya mipaka yake kilikaribishwa. Kumsaidia Mtibeti waziwazi, hata hivyo, haikuwezekana. Mshirika wa Marekani aliyekuwa na kiti cha China Umoja wa Mataifa alikuwa Chiang Kai-shek wa Taiwan, naye pia alidai kwamba Tibet ni sehemu ya China. Washington haikuwahi kuitambua Tibet kuwa dola huru. Kwa hiyo iliweza kuwapa Watibeti bunduki na isiweze kuwapa kile walichokuwa wakikipigania.

India nayo ilikuwa imetia saini mkataba na Beijing mwaka 1954 uliokubali kuwa Tibet ni eneo la China, na Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru hakutaka ugomvi. Kila kitu ilibidi kipite gizani. Mwaka 1957 vijana sita wa Kham walitoroshwa usiku kutoka India hadi Pakistan ya Mashariki, wakapakiwa kwenye ndege karibu na Dhaka na kupelekwa kisiwa cha Saipan katika Pasifiki. Kwa miezi kadhaa walifundishwa redio, ramani, milipuko na kuruka kwa miavuli. Geshe Wangyal, lama Mkalmyki aliyeishi New Jersey, alisaidia kuwatengenezea mfumo wa kutuma ujumbe wa siri kwa Kitibeti. Vuli ya mwaka ule walirudishwa kwa ndege isiyo na alama, marubani wake wakiwa Wapolandi waliokimbia ukomunisti, ili ikianguka pasiwepo Mmarekani ndani yake.

Wawili kati ya sita hao, Athar na Lhotse, waliangushwa karibu na Samye wakafika Lhasa. Wengine walipelekwa upande wa Lithang, na wa kundi hilo aliyesalimika na kurudi ni Wangdu Gyatotsang, mpwa wa Gompo Tashi. Athar na Lhotse ndio waliokuwapo njiani Machi 1959, Dalai Lama alipokimbia. Kutoroka kwenyewe hakukupangwa na CIA. Tarehe 10 Machi umati wa Lhasa uliizunguka Norbulingka, kasri la kiangazi, kwa hofu kwamba kiongozi wao angetekwa. Usiku wa tarehe 17 akatoka amevaa nguo za askari, na wapiganaji wa Chushi Gangdruk ndio walioilinda njia ya kusini. Vijana wawili wa redio waliungana na msafara na kutuma habari zake Washington, na kupitia huko ombi la hifadhi likamfikia Nehru. Tarehe 31 Machi Dalai Lama aliingia India. Mpaka siku hiyo ndege za Marekani zilikuwa zimeangusha silaha mara mbili tu: bunduki mia chache, nyingi zikiwa Lee-Enfield za Kiingereza, zilizochaguliwa kwa sababu zilizagaa kila mahali Asia na zisingeonyesha aliyezitoa.

Dumra

Baada ya Lhasa kuanguka msaada uliongezeka. Kituo cha mafunzo kilikuwa Camp Hale, karibu na mji wa Leadville katika jimbo la Colorado, mita zipatazo 2,800 juu ya usawa wa bahari. Jeshi la Marekani lilikuwa limewafundishia hapo askari wa milimani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kati ya 1958 na 1964 zaidi ya Watibeti 200 walipitia hapo. Waliletwa kwa mabasi yenye vioo vilivyofunikwa, na wengi hawakujua wako nchi gani. Walipaona pazuri, wakapaita Dumra, bustani.

Walimu wao, akina Roger McCarthy, Ken Knaus na wenzao, waliwapenda. Jambo hilo limo katika kumbukumbu za pande zote mbili na halina sababu ya kutiliwa shaka. Vijana walijifunza kutengeneza mitego, kuchora ramani, kutuma Morse na kuchapa vipeperushi. Magazeti ya Colorado yalikwisha kulishwa habari kwamba eneo lile linatumika kwa majaribio ya kisayansi ya silaha. Desemba 1961 siri ilikaribia kufichuka: basi lililobeba wahitimu lilikwamishwa na theluji, likafika uwanja wa ndege mjini Colorado Springs kumeshapambazuka. Wafanyakazi wa uwanja walioona sura za Kiasia zikishuka walishikwa na askari wenye bunduki na kuamriwa wanyamaze. Habari ilipolifikia gazeti la New York Times, ofisi ya Waziri wa Ulinzi, Robert McNamara, iliomba isichapishwe, na haikuchapishwa.

Usiku shehena, mchana mabomu

Tangu 1959 ndege za C-130 ziliruka usiku kutoka Takhli nchini Thailand, zikapita juu ya Himalaya kwa mwanga wa mwezi na kuangusha bunduki za Garand, makombora na wapiganaji waliohitimu. Mahali palipopata nyingi zaidi palikuwa Pembar, mashariki mwa Tibet ya kati. Maelfu ya watu walijikusanya hapo kuzisubiri.

Walijikusanya na wake zao, watoto wao, mahema na makundi ya yaki. Hapo pana kosa lililogharimu roho nyingi, na chanzo chake kinaeleweka. Wakufunzi wa Camp Hale walisisitiza vikundi vidogo: piga, tawanyika, potea. Lakini Mkhampa hakuwa askari aliyeiacha familia salama mahali fulani. Nchi yote ilikuwa imekaliwa, na kuiacha familia nyuma kulikuwa kuikabidhi kwa adui. Shehena zenyewe ziliwavuta watu mahali pamoja, maana aliyekuwa mbali hakupata kitu. Moto uliowashwa kuwaongoza marubani wa Marekani ulikuwa ishara hata kwa wengine. Ndege za China zilipofika zilikuta uwanda mtupu usio na msitu wa kujificha, umejaa watu na mifugo. Pembar ilisambaratishwa, na Nira Tsogeng ikafuata mapema 1960.

Waliorushwa kwa miavuli wengi hawakurudi. Kikundi cha watu saba kilichoangushwa Markham mwaka 1961 kiliongozwa na Yeshe Wangyal, aliyechaguliwa kwa sababu baba yake alikuwa chifu wa huko. Walipofika walikuta baba amekwisha kuuawa na waliobaki wakiwindwa. Walizingirwa kilimani. Kila mmoja alikuwa amepewa na walimu wake kidonge cha sayanaidi ili asikamatwe hai, na baadhi yao wakakitafuna palepale. Bhusang, aliyekuwa wa mwisho, alivamiwa kabla hajakiuma. Alikaa gerezani hadi miaka ya mwisho ya 1970, na baadaye akasimulia kisa hicho mbele ya kamera ya filamu *The Shadow Circus*, iliyotengenezwa mwaka 1998 na Tenzing Sonam na Ritu Sarin.

Mei 1960 ndege ya kijasusi ya Marekani, U-2, ilitunguliwa juu ya Urusi, na Rais Eisenhower akasimamisha safari zote za siri juu ya nchi za kikomunisti. Wapiganaji waliokuwa ndani ya Tibet wakisubiri shehena ya mwezi uliofuata hawakuwa na habari ya U-2, wala hawakuwa na uwezo wa kuuliza.

Mustang na hesabu ya mfadhili

Ndipo likaja wazo la Mustang, ufalme mdogo wa Nepal uliochomoza ndani ya Tibet kama kidole, wakazi wake wakiwa Watibeti kwa lugha na dini. Mpango ulikuwa kuwaingiza watu mia chache kwa awamu chini ya Baba Yeshe, mtawa wa zamani kutoka Bathang. Habari zikavuja. Wakhampa waliokuwa wakivunja mawe kwenye ujenzi wa barabara za India waliacha nyundo zao, na kabla ya mwisho wa 1960 zaidi ya 2,000 walikuwa wamefika mahali ambapo palikuwa na chakula cha watu wachache. Ndege zikiwa zimezuiwa, majira yale ya baridi yakawa ya kuchemsha ngozi. Shehena ya kwanza iliwafikia mwaka 1961, baada ya Rais Kennedy kuidhinisha, na hata baada ya hapo ndege zilikuja mara chache tu.

Hata hivyo waliipiga barabara ya Xinjiang kwa miaka kadhaa, wakaupata ule mkoba, na kuilazimisha China ihamishe misafara yake na kuongeza askari mpakani. Mwaka 1964 waandishi George Patterson, Adrian Cowell na mpigapicha Chris Menges waliandamana nao katika shambulio moja na kulipiga filamu. Wakuu wa CIA hawakufurahi. Vita ambavyo mfadhili alitaka visijulikane vilikuwa vimeonekana.

Waraka mmoja wa Januari 1964, uliofunguliwa kwa umma miaka ya 1990, unaonyesha hesabu yote. Bajeti ya mwaka ilikuwa dola 1,735,000. Wapiganaji 2,100 waliokuwa Nepal walitengewa dola 500,000, na Dalai Lama dola 180,000. Ukigawa, kila mpiganaji alipata chini ya dola 240 kwa mwaka kwa chakula, mavazi na vita. Lengo lililoandikwa humo ni kulihifadhi hai wazo la kisiasa la Tibet yenye mamlaka yake, na kuwa na nguvu ya kutumia endapo mambo yangebadilika ndani ya China. Uhuru haukutajwa kuwa shabaha. Wapiganaji wa Mustang walikesha wakiamini wanaandaliwa kurudi nyumbani, na waraka uliowalipia unga haukuwa na safari hiyo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa mfadhili hakuwa hata ndugu.

Kuna upande wa tatu, India. Baada ya kushindwa na China katika vita vya 1962, Nehru aligeuka. Mwezi Novemba mwaka huohuo kikaundwa kikosi cha siri cha Watibeti huko Chakrata chini ya Meja Jenerali Sujan Singh Uban, kilichoitwa Establishment 22, na Marekani ikasaidia mafunzo yake. Waliojiunga walitarajia kupigana Tibet. Vita vikubwa vya kwanza walivyopelekwa vilikuwa vya 1971, katika milima ya Chittagong, kuisaidia Bangladesh ipate uhuru. Watibeti 56 waliuawa huko. Hawakupewa nishani hadharani, kwa kuwa kikosi chao hakikuwapo rasmi.

Marafiki waliokosekana

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha maazimio matatu kuhusu Tibet: mwaka 1959, 1961 na 1965. Yalizungumzia haki za binadamu, na la 1961 likataja haki ya kujiamulia mambo yao. Hayakufuatwa na hatua yoyote. Vyama vya ukombozi vya Afrika, ambavyo vingeweza kuielewa lugha hiyo kuliko wengine, vilikuwa upande wa pili wa mto. Wakufunzi wa China walikuwa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, wakiwafundisha wapiganaji wa FRELIMO. Balozi wa Tanzania, Salim Ahmed Salim, alikuwa mstari wa mbele Oktoba 1971 China ilipopewa kiti chake Umoja wa Mataifa, na mwaka 1974, kambi za Mustang zilipovunjwa, reli ya TAZARA ilikuwa ikikaribia kukamilika kwa fedha na ujuzi wa China. Tanzania ilikuwa na sababu nzito za kushukuru. Matokeo yake kwa Watibeti ni kwamba Mkhampa aliyebeba bunduki ya CIA alionekana katika macho ya Afrika kuwa kibaraka, wakati malalamiko yake, ya nchi iliyotawaliwa na ardhi iliyochukuliwa kwa amri ya wageni, yalikuwa yaleyale ya Mueda na Tete huko Msumbiji. Siri ya Marekani ilimnyima hata nafasi ya kujieleza kwa watu waliofanana naye.

Namna vita vilivyofungwa

Mwaka 1969 CIA iliwajulisha Watibeti kwamba msaada utakoma. Uamuzi huo ulitangulia safari ya siri ya Henry Kissinger kwenda Beijing Julai 1971, na ziara ya Rais Nixon ya Februari 1972 ikaukomelea misumari. Fedha za mwisho zilitumika kuwatafutia maveterani riziki, ikiwamo viwanda vya mazulia na nyumba ya wageni mjini Pokhara. Wakati huohuo kambi ililiwa na ugomvi wa ndani. Baba Yeshe, aliyelaumiwa kwa matumizi ya fedha, aliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na Wangdu, yule kijana wa Saipan. Baba Yeshe akajitenga na wafuasi wake, na baadaye akashirikiana na serikali ya Nepal.

Mwaka 1974 Mfalme Birendra wa Nepal, akishinikizwa na Beijing, aliamuru kambi za Mustang zisalimishe silaha na kupeleka maelfu ya askari. Lhamo Tsering, aliyekuwa mhimili wa operesheni tangu mwanzo, akakamatwa Pokhara. Wengi walitaka kupigana. Ndipo Dalai Lama akawatumia kanda iliyorekodiwa kwa sauti yake, akiwaomba waweke silaha chini. Kanda ilichezwa kambi kwa kambi mbele ya watu waliokuwa wameapa kutojisalimisha kwa yeyote, na sasa walikuwa wakiombwa na mtu pekee ambaye hawakuweza kumkatalia. Walikabidhi bunduki. Baadhi yao walijiua baada ya kufanya hivyo. Wangdu aliondoka na kikundi kidogo cha wapanda farasi kuelekea India, akauawa na askari wa Nepal katika shambulio la kuvizia kwenye njia ya Tinkar, karibu na mpaka. Lhamo Tsering na wenzake walikaa gerezani Kathmandu hadi 1981.

Nini kilipatikana

Wapo wanaosema msaada wa CIA uliwaangamiza Watibeti kwa kuwapa matumaini ya uongo. Hoja hii ina nguvu kwa Pembar na kwa Mustang, lakini haielezi Lithang. Watu wale wangepigana kwa vyovyote, na bila redio ya Athar na Lhotse dunia ingechelewa sana kujua yaliyowapata. Wapo pia wanaosema Marekani ilifanya ilichoweza. Hilo haliingiani na waraka wa 1964, unaoonyesha wazi kwamba kiasi kilichotolewa kilipimwa kitoshe kusumbua na kisitoshe kushinda. Dalai Lama mwenyewe aliandika katika tawasifu yake ya mwaka 1990 kwamba Wamarekani hawakusaidia kwa kujali uhuru wa Tibet. Msaada wao ulikuwa sehemu ya juhudi za kuzivuruga serikali zote za kikomunisti.

Hesabu ya haki inapaswa kutaja vitu vitatu vilivyopatikana kwa damu ya watu hao. Dalai Lama alifika India salama kwa sababu Lhoka ilikuwa mikononi mwa Chushi Gangdruk, na bila hilo pengine pasingekuwapo serikali ya uhamishoni Dharamsala. Nyaraka za 1961 zilibadilisha uelewa wa dunia juu ya China ya Mao. Na India ilipata kikosi cha milimani kinachoendelea mpaka leo: Agosti 2020, katika mvutano wa Ladakh, askari Mtibeti wa kikosi hicho aliuawa na bomu la kutegwa la zamani, akaagwa hadharani mjini Leh, mwanasiasa wa chama tawala akiwepo. Serikali iliyoficha kikosi hicho kwa karibu miaka 60 ilikubali kwa siku moja kionekane, ilipohitaji Beijing ikione.

Utambuzi huo umekuja kwa vipande. Camp Hale iliwekewa bamba la ukumbusho mwaka 2010, wapiganaji wengi wakiwa wameshafariki. Ndani ya jumuiya ya wakimbizi yenyewe, kama mwanaanthropolojia Carole McGranahan alivyoonyesha katika kitabu chake *Arrested Histories*, habari za maveterani ziliwekwa kando kwa miongo, kwa kuwa hazikuendana na siasa ya amani iliyoijengea Tibet heshima duniani. Siasa hiyo ina thamani yake na wengi wa maveterani hao waliiheshimu, hata ilipowagharimu. Hakuna kinachozuia vitabu vya shule za Dharamsala kuwataja Gompo Tashi, Dorje Yudon na Wangdu kwa majina yao, pamoja na tarehe za vita vyao na idadi ya bunduki walizopewa, ili mtoto wa Kitibeti aelewe nchi yake ilipotezwaje na nani aliyejaribu kuizuia isipotee.